Nakshi za Kiponda: shajara ya kuchora milango kabla haijafutika

14 Januari

Leo tumeanza. Tuko watatu: mimi niliyefundisha uchoraji wa ramani skuli kwa miaka mingi, mpwa wangu anayesomea ujenzi, na fundi wa nakshi ambaye baba yake na babu yake nao walikuwa watu wa patasi. Hapa nitamwita Fundi tu, kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyomwita.

Kazi yenyewe ni kuchora kwa kipimo halisi, sentimita kwa sentimita, nakshi za milango 30 ya Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Unguja. Picha zipo kwa maelfu, kila mgeni anayepita anapiga. Lakini picha haikwambii patasi imezama kiasi gani, wala haikulazimishi kuhesabu majani. Mwenye kuchora hana budi kuhesabu.

Kilichonisukuma ni mlango mmoja. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiupita kila alasiri nikienda chuoni, msahafu umeviringishwa kwenye kitambaa, mkono wa kushoto unapapasa mfaa, mti wa katikati ya mlango, wa nyumba ile. Vidole vyangu viliijua nakshi yake. Mwaka juzi mlango ule uliondolewa, pakawekwa wa chuma na kioo. Usiku wake nikachukua penseli nijaribu kuuchora, nikashindwa. Nilikumbuka mkwaruzo wake kwenye vidole, umbo lake limenitoka kabisa. Tangu siku hiyo sijatulia.

Kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tumeshapita, na Mamlaka ya Mji Mkongwe tumewapa taarifa. Kilichobaki ni kupiga hodi nyumba moja moja.

20 Januari

Milango miwili imekwisha, na kosa moja limeshatokea. Kosa ni langu. Tulibandika karatasi juu ya mwimo, nguzo ya ubavuni mwa mlango, kwa utepe ule wanaotumia wapaka rangi, tukidhani hauna madhara. Tulipoubandua ukatoka na ganda la mafuta ya miaka mingi, ikabaki alama nyeupe kama ukucha kwenye ua la chini. Bi Mkubwa wa nyumba aliitazama, akanitazama, akasema, "Maalim, mwanangu, nakshi hiyo ilikuwa hapo kabla yangu." Nilitamani ardhi inimeze.

Fundi alikwenda kwake akarudi na kitambaa na mafuta ya nazi kidogo, akapaka taratibu mpaka ile alama ikakolea na kufanana na jirani zake. Kuanzia leo hakuna utepe. Mpwa wangu anashika karatasi juu, mimi chini, na kama upepo wa kaskazi ukizidi tunangoja. Jambo jingine: kabla ya kugusa chochote, mwenye nyumba anasimama nasi.

Kwa wasioyajua majina, nayaweka hapa mara moja. Nguzo mbili za ubavuni ni miimo. Juu kuna kizingiti cha juu, ambacho kwenye milango mingi ndicho chenye nakshi nzito na maandishi, na chini kizingiti cha chini, ambacho unakiruka ukiingia. Katikati, panapokutana mbao mbili za mlango, husimama mti mwembamba uliochongwa tangu juu mpaka chini: huo ndio mfaa. Fundi anauita ubao wa kulia mlango dume na wa kushoto mlango jike. Kwenye milango yote miwili tuliyochora, mfaa umepigiliwa kwenye jike na kuufunika ukingo wa dume. Kwa hiyo dume lazima lifunguke kwanza. Na ndivyo ilivyo: kizingiti cha chini upande wa kulia kimelika, kimebonyea kama kiti cha mbuzi, na upande wa kushoto bado kina kingo zake. Vizazi vimeingia na kutoka kupitia nusu moja ya mlango. Nusu ya pili hufunguliwa siku ya harusi, siku ya msiba, na siku ya kuingiza kabati.

Bawaba hazimo. Kila ubao una ncha yake juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti.

3 Februari

Milango 6.

Leo nimekaa na Fundi barazani muda mrefu kuliko tuliochora, na sijuti. Nilimwuliza kwa nini mwimo wa kulia wa mlango wa tano una maua 11 na wa kushoto una 10, ilhali urefu ni ule ule. Mimi nilidhani nimehesabu vibaya. Alicheka, akaweka kidole chini ya mwimo, akakipandisha polepole.

Nakshi, alisema, huota. Fundi huanza chini, kwenye maji au kwenye chungu, ndipo shina linapanda, majani yanatoka huku na huku, mpaka lifike kwenye kizingiti. Ruwaza inakatwa kwenye karatasi, inapigwa upande mmoja, halafu inageuzwa kwa upande wa pili ili pande zote mbili zitazamane. Lakini mti wa upande wa pili una fundo lake, au una ufa, na mkono unaolikwepa fundo hurefusha ua moja kidogo, na jingine tena kidogo. Ukifika juu, ua moja limekosa nafasi. "Huyu alilipanua la mwisho," akasema, "akafunga hesabu. Angalia." Kweli, ua la 10 la kushoto ni pana kuliko wenzake kwa karibu upana wa kidole. Nimepita mlango ule maisha yangu yote.

Nikamwuliza mti gani. Alinusa, akakwaruza kwa ukucha sehemu ya ndani isiyoonekana. Rangi ya manjano iliyokolea ikamwambia ni mfenesi. Mingine hapa mtaani ni msaji uliokuja na majahazi. Mfenesi ni mti wa nyumbani, kwa hiyo nakshi nyingi tunazozisifu zimechongwa kwenye mti uliowahi kuzaa mafenesi yakaliwa hapa hapa Unguja.

Kina cha kuchonga nimeanza kukipima kwa rula nyembamba. Mlango wa tano: milimita 9 palipozama zaidi. Mlango mpya wa duka la kumbukumbu za wageni, uliotengenezwa kwa mashine: milimita 3. Ukisimama mbali inafanana. Jua likigeuka alasiri, wa zamani unajaa vivuli na wa pili unabaki bapa.

11 Februari

Siku ngumu. Mlango wa nane tulikuwa tumeuweka mwisho wa juma kwa sababu ni mzuri mno na unataka utulivu. Tumeukuta umesuguliwa kwa mashine ya msasa, umepakwa vanishi inayong'aa kama sahani. Mwenye jengo alitaka upendeze kabla ya msimu, na aliyepewa kazi hakuwa fundi wa nakshi. Migongo ya majani yote imelala. Mnyororo wa pembezoni, ambao kila pete yake ilikuwa na ukingo wake, sasa ni utepe wenye mawimbi.

Sikumlaumu mwenye jengo usoni kwake. Alikuwa na furaha, alinikaribisha kahawa. Lakini nilipofika nyumbani niliandika haya kwa hasira, na sitaki kuyafuta: mashine ya msasa haipaswi kukaribia nakshi hata kwa bahati mbaya. Uchafu unatoka kwa brashi laini na subira. Njumu za shaba, ile misumari ya pambo mlangoni, zinang'aa kwa ndimu na majivu, kama bibi zetu walivyofanya. Mti unataka mafuta kidogo kwa kitambaa. Hakuna zaidi ya hapo.

Tumeuchora hivyo hivyo ulivyobaki.

18 Februari

Kuhusu mnyororo. Mpwa wangu amesikia, kama nilivyosikia mimi mara nyingi, watembeza wageni wakisema kuwa mlango wenye mnyororo pembezoni ni wa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Kijana ameuliza swali la haki: ni kweli?

Historia ya utumwa ya mji huu ni kweli na ni nzito, haihitaji kusingiziwa milango. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba na Waingereza, na hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Katika milango 9 tuliyokwisha kuchora, mnyororo umo kwenye 7. Ikiwa kila mmoja una maana ile, basi Kiponda nzima ilikuwa na kazi moja. Fundi anauita ulinzi: mnyororo unazunguka mlango kama unavyozungushwa sandukuni. Baba yake aliuchonga kwenye milango ya watu ambao hawakuwa na kitu zaidi ya duka la chumvi na mafuta ya taa.

Tulikubaliana kwenye karatasi zetu tuandike tunachokiona: mnyororo, samaki, mtende, yungiyungi, waridi, mawimbi. Na kile mwenye nyumba anachotuambia kuhusu nyumba yake kinaandikwa pembeni, kwa maneno yake.

2 Machi

Milango 13. Huu wa 13 utanikaa.

Ni mlango wa kizingiti cha duara, aina iliyoenea zaidi tangu zama za Barghash, wakati mafundi na matajiri wa Kihindi walipoupa mji huu sura yake ya pili. Milango ya kale zaidi ina kizingiti kilichonyooka. Ndani ya nusu duara kuna majani yaliyosukana, na katikati, ndani ya kijumba kidogo, pameandikwa "Maa shaa Allah" na chini yake mwaka. Mwaka wa Hijria, kwa tarakimu za Kiarabu.

Shida: mlango umepakwa rangi ya kijani mara nyingi sana, nakshi imejaa kama maandazi yaliyovimba. Tarakimu ya kwanza ni ١, ya pili ٣, ya mwisho ١. Ya tatu ni ٢ au ٣. Tofauti ya hizo mbili ni jino moja dogo, na rangi imelifunika jino, kama lipo.

Si jambo dogo. 1321 inaanza Machi mwaka 1903, wakati wa Sayyid Ali bin Hamud. 1331 inatupeleka 1913, wakati Sayyid Khalifa bin Harub ameshakalia kiti. Mwenye nyumba, mzee wa miaka mingi, anasema babu yake aliijenga "wakati wa Sayyid", na Masayyid wote wawili wanaingia humo.

Tulijaribu kuweka karatasi nyembamba juu na kusugua kwa penseli laini. Ikatoka kivimbe tu. Tulijaribu kugusa kwa kidole tukiwa tumefumba macho. Mpwa wangu akasema tatu, mimi nikasema mbili. Kukwangua rangi sikukubali, mlango si wetu.

Ndipo Fundi akasema tungoje usiku.

Baada ya Isha tukarudi na tochi na ngazi. Mzee alizima taa ya barazani. Fundi alipanda, akaiweka tochi ikigusa mti kabisa, ubavuni, mwanga ukilala juu ya kizingiti kama jua la magharibi linavyolala juu ya mchanga. Kila kilichokuwa bapa mchana kiliinuka. Nikaona hata viharusi vya patasi chini ya rangi. Tarakimu ya pili, ile ٣ tusiyoitilia shaka, ilikuwa na mabonde mawili ya kivuli. Ya tatu ilikuwa na bonde moja.

Akaihamisha tochi upande wa pili ili tuhakikishe. Bonde moja.

"Elfu moja mia tatu na ishirini na moja," akasoma Mzee mwenyewe kutoka chini, kwa sauti, kama anayesomewa barua. Kisha akakaa barazani kimya. Alikuwa akihesabu umri wa babu yake.

Huu nao una mnyororo, na mwaka wake ni 1903 au mwanzo wa 1904, baada ya utumwa kuondolewa kisheria.

Ramadhani

Kazi imepungua. Tunachora saa mbili asubuhi kabla ya jua kukaza, halafu basi. Milango 15. Karatasi zilizokwisha nimezihesabu na kuzifunga kwenye bomba la plastiki, na nakala za pili nimezipeleka kwa dada yangu mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, zisikae zote nyumba moja.

Nimeanza pia kutazama juu. Roshani za mtaa huu zina mabano ya mbao yaliyochongwa, na chini ya mapaa kuna mbao zilizokatwa matundu matundu kama kofia ya kiua. Hatuzifikii bila jukwaa. Anayetaka kujua roshani iliyotunzwa inakuwaje aende Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, alitazame jengo la Tharia Topan, lile la zahanati ya zamani, lililofanyiwa ukarabati mkubwa na Taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990. Hizi za Kiponda nitazirudia mwaka ujao, Mungu akipenda.

27 Aprili

Masika. Wiki tatu hatujachora hata mstari. Lakini mvua imetufundisha kitu ambacho ukavu ulitunyima.

Nilisimama chini ya roshani nikisubiri ipungue, mkabala na mlango wa 13. Maji yalikuwa yakishuka uchochoroni na kulamba miimo. Nikaona kwamba mlango ule hauna chini. Nakshi yake inaanza ghafla, nusu ya jani, juu tu ya saruji. Shina halina mzizi.

Nilimwita Fundi kwa simu. Alikuja na mwavuli, akainama, akapima kwa shubiri. Njia imeinuliwa, akasema. Kila ilipotengenezwa, iliongezwa juu ya ya zamani, na kidaraja cha mlangoni nacho kikapandishwa ili maji yasiingie ndani. Robo mita ya mwimo imo chini ya saruji. "Huko chini kuna chungu," akasema. "Au samaki."

Tumepita milango yote iliyobaki kwenye orodha tukitazama jambo hilo tu. Kati ya 30, milango 8 imezama namna hiyo. Na saruji ni mbaya kwa mti: chokaa ya zamani ilikuwa inapumua, ikinywa maji na kuyatoa, saruji inayafungia. Mti unaoza ukiwa umesimama wima na kupendeza usoni.

19 Mei

Milango 19. Mwangaza baada ya masika ni safi mno.

Mlango wa 17 una sanduku la mita ya umeme limepigiliwa juu ya mwimo wa kulia, misumari minne, mmoja umepita katikati ya waridi. Limewekwa muda mrefu. Mwenye nyumba yuko tayari lihamishwe ukutani na ameshaomba. Tumechora sanduku pia, kwa mistari ya nukta, na tumeacha nafasi nyuma yake tupu kwenye karatasi ili tuijaze siku litakapotoka. Sikutaka tubuni majani tusiyoyaona, hata kama upande wa kushoto unatuonyesha yangekuwaje. Maua 11 na 10 yalinifundisha.

8 Juni

Saa moja asubuhi simu. Ni Mzee wa mlango wa 13. "Maalim, njoo. Wanavunja kidaraja."

Bomba la maji lilikuwa limepasuka chini ya mlango, na fundi bomba na mwashi walikuwa wameshaanza kupiga nyundo. Nilifika na kanzu ya kulalia chini ya koti. Mpwa wangu alifika na karatasi. Fundi alifika na brashi, nyundo ndogo ya mbao na kichokonoo, akamwomba mwashi kwa heshima zote, "Mwanangu, hapa karibu na mti niachie mimi."

Upande wa kushoto hakuna kitu. Mti ulikuwa umekuwa unga mweusi, tulipougusa ukamwagika. Mchwa walishapita na kuondoka.

Upande wa kulia Fundi aliondoa saruji kipande kwa kipande, vipande vya ukubwa wa kucha. Kwanza likatoka lile jani lililokatika, likapata nusu yake. Kisha shina. Kisha mistari mitatu ya mawimbi, mikali, ina kingo kali kuliko nakshi yote ya juu, kwa sababu huku chini hapakufika mkono, wala rangi, wala jua kwa muda mrefu. Chini ya mawimbi pua ikatokea, kisha jicho, duara ndani ya duara, kisha magamba.

Samaki ana urefu wa sentimita 14. Mkia wake umeoza. Magamba yamepangwa safu 6, na kila gamba limechongwa kwa pigo moja la bobari, patasi yenye ncha iliyopinda, Fundi alinionyesha: halikurudiwa hata moja.

Mzee aliinama kwa shida, akaliweka dole gumba kwenye jicho la samaki. Amezaliwa nyumba ile na hakuwahi kumwona.

Fundi bomba alitupa mpaka adhuhuri. Tulichora samaki, mawimbi na shina, tukapima kina: milimita 11, kubwa kuliko zote tulizopata mpaka leo. Mwashi alikuwa kijana msikivu. Alikubali kuacha nafasi ya vidole vinne kati ya mti na kidaraja kipya, ijazwe kokoto ili maji yashuke, na pale panapogusana na ukuta atumie chokaa. Kidaraja kitakuwa chini kidogo kuliko cha zamani. Mzee amesema ikibidi ataweka gunia la mchanga wakati wa masika, lakini samaki asifunikwe.

Mwimo wa kushoto Fundi ataupachika kipande kipya cha mfenesi, bila nakshi kwanza, ili uwe na mguu wa kusimamia. Nilimwuliza kama atachonga samaki wa pili. Alisema atafikiri. Ruwaza anayo sasa, karatasi namba 13 b, ageuze tu.

Kesho Jumapili mlango wa 20.